Saksafoni Isiyosikika

Mtu akiota jipu mahali pa aibu, ana njia mbili. Avue nguo amwonyeshe daktari, au avae suruali pana na kutembea akichechemea huku akiwaambia watu kwamba ameteguka mguu. Methali isemayo kuwa mficha uchi hazai iliwalenga hawa wa pili. Maana yake ni kwamba anayeficha udhaifu wake kwa kuona haya hapati msaada, na asiyepata msaada hali tunda la jasho lake, hata akilimwaga jasho hilo kwa ndoo. Wanzala aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha, akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuitii ni jambo jingine.

Wanzala alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Gatina, Kawangware. Milango yake ilikuwa imara na madirisha yake hayakupinda. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye haya zilizozidi kimo chake. Alilelewa Gatwekera, katika mtaa wa Kibera, na shangazi yake Nalianya, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, Valary, na watoto hao wawili walikua wakigawana sahani na shuka hadi wageni wakadhani ni mapacha.

Miaka miwili kabla ya mkasa huu, mpiga saksafoni wa kanisa lao alirudi kwao Busia. Mwalimu Nzembi, mama wa Kikamba aliyefundisha kwaya na bendi, akamkabidhi Wanzala saksafoni ile ya shaba aende nayo nyumbani ajifunze.

Alijifunza siku tatu tu.

Nyumba za Gatwekera ni za udongo na mabati, na ukuta mmoja hutumikia familia mbili. Ukikohoa, jirani hukwambia pole. Siku ya kwanza Wanzala alipoipuliza saksafoni, ilitoa mlio mnene, mrefu, wenye uchungu. Kabla haujaisha, sauti ya Mama Brandon ilipenya ukutani.

"Wanzala! Hiyo ng'ombe ikizaa, mimi naomba maziwa ya chai!"

Ploti nzima iliangua kicheko. Siku ya pili mtu mwingine aliuliza kama ni mapacha. Siku ya tatu watoto walimngoja mlangoni, wakapanga mstari, wakamlilia moo kwa pamoja kama kwaya iliyofunzwa vizuri. Shangazi Nalianya naye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Wanzala alihisi kama amevuliwa nguo sokoni.

Siku ya nne aliirudisha saksafoni kanisani. Alimwambia Mwalimu Nzembi kwamba moshi wa kuchomelea ulikuwa umemharibu kifua. Uongo wa kwanza huwa mdogo kama punje ya wimbi. Mwezi haukuisha kabla hajahamia Kabiro, Kawangware, kwenye nyumba ya ghorofa yenye kuta za mawe.

Huko ndiko, baada ya mwaka hivi, alikopata saksafoni ya kidijitali, kutoka kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anaacha kazi hiyo. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na vibonye vyake vilipangwa kama vya saksafoni ya shaba. Unavaa visikizi, unapuliza, unabonyeza, na muziki unaingia masikioni mwako peke yako. Aliye nje husikia pumzi tu na taka-taka-taka ya vibonye, kama panya anayekimbia juu ya gazeti.

Chombo chenyewe hakikuwa na hatia. Wako wapigaji hodari wanaokitumia nyumbani ili wasisumbue watoto wa jirani, kisha kesho yake wanakwenda mazoezini na kile cha shaba, mbele ya wenzao. Wanzala alikigeuza pango, akaingia, akaziba mlango kwa jiwe.

Kila siku alipotoka kazini alioga, akafunga mlango, akavaa visikizi. Lo! Alikuwa stadi! Chombo hakikukwaruza wala kupiga yowe. Ulikipuliza kwa pumzi ya mgonjwa, nacho kikatoa sauti ya malaika. Miezi minane ilipita hivyo. Mke wa mwenye nyumba alimwambia siku moja, "Wewe ndiye mpangaji wangu mzuri. Hata kama umekufa humo ndani sitajua." Wanzala alilichukua neno hilo kama sifa.

Siku moja alifanya kosa la mtu aliyesifika masikioni mwake mwenyewe. Alirekodi wimbo moja kwa moja kutoka kwenye chombo hadi kwenye simu, bila picha, akautuma katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya. Simu ilitetemeka hadi ikadondoka kutoka mezani.

"Buda, umeiva!" aliandika Nderitu, mpiga kinanda.

"Kumbe kifua kilipona," aliandika Mwalimu Nzembi. "Saksafoni umepata wapi?"

Wanzala alikitazama kile kidude cha plastiki mapajani mwake. Aliona haya kukitaja. "Ya rafiki," alijibu. Punje ya wimbi ilikuwa imeota.

Shangazi Nalianya hakulala na habari hiyo. Katika kibanda chake cha mboga pale Gatwekera, mteja hakupewa mrenda wala kunde kabla hajawekewa simu sikioni. "Sikia mtoto wa ndugu yangu! Si redio hiyo, ni Wanzala!" Watu wakasikia, wakashangaa, wakapeleka habari mbele.

Basi Valary akapata mchumba, Mutinda, fundi wa viti kutoka Kitui, na harusi ikapangwa ifanyike katika kanisa lao la mabati. Jumapili moja alasiri Valary alikwenda Kabiro kumwona nduguye. Alisimama mlangoni kidogo kabla ya kubisha.

"Wanzala, uko sawa? Unahema kama umekimbizwa na askari wa kanjo."

Wanzala alikisukuma chombo chini ya blanketi, akafungua. "Nilikuwa nanyoosha mwili."

Valary aliketi kitandani, shubiri moja tu kutoka pale blanketi lilipofura. "Sikia. Watu wa Mutinda walitaka kuja na bendi yao. Nimewakatalia. Eti wanauliza sisi watu wa Gatwekera tutamwingiza bibi harusi na nini, na sufuria? Nikawaambia, siku hiyo nyinyi mtanyamaza tu msikie kaka yangu."

"Val, hiyo si lazima. Wacha walete bendi."

"Ni lazima. Mimi sina baba wa kunishika mkono hadi mbele. Nilikuwa nimesema nitaingia peke yangu. Halafu nikasikia ule wimbo uliotuma, nikalia mbele ya wateja pale saluni ninapofanya kazi. Nikasema basi, nitashikwa na huo." Alifuta jicho kwa kidole, akacheka. "Hebu nipigie kidogo."

Hapo ndipo Wanzala angeweza kuliinua lile blanketi. Lilikuwa karibu na mkono wake. Angesema, "Val, napiga hiki, na sijawahi kupuliza ile ya shaba tangu mlipocheka," na mambo yangeisha kwa mzaha na chai.

"Saksafoni iko kwa mwenyewe," alisema. "Utasikia siku yenyewe."

Valary alimtazama machoni, akaamini.

Mazoezi ya harusi yalifanywa kila Alhamisi jioni kanisani. Alhamisi ya kwanza Wanzala alisema kuna geti la mteja. Alhamisi ya pili alisema ana homa. Alhamisi ya tatu alijikaza, akatembea kutoka Kawangware hadi Kibera, akafika karibu na dirisha la kanisa. Kwaya ilikuwa inaimba. Ghafla wimbo ukakatika.

"Wewe, hapo umeanguka," sauti ya Mwalimu Nzembi ilisema. "Imba peke yako tusikie."

Msichana mmoja aliimba peke yake, akaanguka tena palepale. Wenzake walicheka, na yeye akacheka pia. Akarudia. Mara ya nne hakuanguka, na kwaya ikaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Wanzala hakuisikia mara ya nne. Kwenye kile kicheko cha kwanza tu, miguu yake ilikuwa imeshika njia ya kurudi Kabiro.

Nderitu alimpigia simu. "Naona hutaki kuonwa kabla ya siku, kama bibi harusi. Sawa. Niambie tu, tunaanzia noti ya C?"

"C ni sawa."

"Una uhakika? Unajua saksafoni zingine huwa na mambo yao na..."

"Nderitu, nimesema C." Alilikata neno haraka, kwa sababu hakujua saksafoni zingine zina mambo gani, na aliogopa kuulizwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, ujumbe wa Mwalimu Nzembi ukaingia. "Usihangaike kuomba ya rafiki. Ile ya kanisa nimeing'arisha, utapiga hiyo. Ukitaka kuijaribu leo nipigie, ufunguo wa ofisi ninao."

Wanzala aliusoma ujumbe huo mara saba. Vibonye ni vilevile, alijiambia. Vidole vinajua njia. Kitu gani kitabadilika? Kwenda kuijaribu kulimaanisha kuipuliza mbele ya Mwalimu. Aliandika, "Asante, hakuna haja," akaizima simu.

Jumamosi ilikuja na jua zuri. Watu wa Gatwekera walimsindikiza Valary kwa miguu kutoka kwa mama yake hadi kanisani, wakiimba, wakiruka mitaro, wanawake wawili wakiinua shela isiguse tope. Ndani ya kanisa, wakwe kutoka Kitui walijaza viti vya mbele upande wa kulia, wamevaa sare za rangi ya zambarau. Mutinda alisimama mbele, jasho likimtiririka kwenye kola. Wanzala alisimama kando ya kinanda akiwa na suti aliyoazima.

Mwalimu Nzembi alimletea saksafoni. Ilikuwa nzito. Kwa miezi mingi alikuwa amezoea uzito wa mwiko wa ugali, na sasa shingo yake ilivutwa mbele kama ya punda aliyebebeshwa maji. Aliiweka mdomoni. Ulimi wa mwanzi pale kinywani mwa saksafoni ulikuwa mkavu, naye hakujua kwamba huloweshwa kwanza kwa mate.

Mlango ulifunguliwa. Valary alisimama katika mwanga, mweupe pe kuanzia utosini hadi nyayoni. Vigelegele vilipigwa, kisha kanisa likatulia. Mmoja wa wakwe alimziba mtoto mdomo. Shangazi Nalianya aligeuka kwenye kiti chake na kumtazama Wanzala kwa uso wa mtu ambaye ameshangilia kabla ya bao.

Nderitu alianza. Wanzala akapuliza.

Ilitoka pumzi tupu, kama tairi linalotolewa upepo. Akapuliza kwa nguvu zaidi. Safari hii ulitoka ukelele uliomfanya mtoto aliyezibwa mdomo aanze kulia. Wanzala aliuma kile kinywa cha saksafoni, akaongeza pumzi, na hatimaye sauti ikapatikana, nene na ya kukwaruza, lakini sauti. Akaupiga mstari wa kwanza wa wimbo.

Haukuwa wimbo wa Nderitu. Saksafoni ile ya shaba ina desturi yake. Ukibonyeza C, hutoa noti nyingine kabisa, si ile C ya kinanda, na mpigaji hulazimika kujua namna ya kulinganisha. Kila anayejifunza huambiwa jambo hilo siku ya kwanza anapokutana na kinanda. Wanzala hakuwahi kuifikia siku hiyo. Chombo chake cha plastiki kilikuwa na kitufe cha kulinganisha sauti, alikibonyeza mara moja akakisahau, na tangu hapo kikawa kinamsahihishia kosa lake kimyakimya. Sasa kinanda kilikwenda huku na saksafoni kule, kama watu wawili wanaovutana shati.

Nderitu aliinua mikono. "Uko wapi?" alinong'ona.

"Kwa C."

"Hiyo si C, buda."

Katika viti vya kulia, mama mmoja wa sare ya zambarau alisema, wala hakujitaabisha kunong'ona, "Ndiyo hii tuliambiwa tunyamaze tusikie?"

Kicheko kilianzia kwa watoto, kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee waliojifanya wanakohoa. Masikio ya Wanzala yalishika moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na suti ya watu. Na kwa kuwa mtu anayezama hushika chochote, akashika uongo mwingine.

"Hii saksafoni imeharibika," alisema kwa sauti.

Mwalimu Nzembi alisogea bila haraka. Aliichukua saksafoni kutoka shingoni mwake, akaulowesha ule ulimi wa mwanzi, akapuliza noti moja. Ilitoka safi, ikajaa kanisa, ikapanda hadi kwenye mabati. Akamrudishia.

"Iko sawa," alisema.

Maneno mawili tu. Hakumkemea. Afadhali angemkemea, maana hapo kanisa liliacha kucheka, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kicheko. Mwongo na uongo wake walikuwa wamesimamishwa mbele ya watu mia tatu. Shangazi Nalianya aliinamisha kichwa polepole, akawa anaitazama mikono yake.

Wanzala aliamua kukimbia. Lakini kanisa lile lilikuwa na mlango mmoja, na Valary alikuwa ameujaza kwa shela yake. Alipomfikia, alisimama. Hapakuwa na pa kupita ila kumkanyaga.

"Kuna nini?" Valary aliuliza kwa sauti ya chini.

"Val, mimi sijui kupiga hii." Maneno yalimtoka yakigongana. "Nimekuwa napiga kidude cha plastiki. Unavaa visikizi, unasikia peke yako. Hii ya shaba sijaigusa tangu nilipohama."

"Na ule wimbo ulionifanya nilie?"

"Ni mashine."

"Siku ile nilikuwa kitandani kwako. Nilikuuliza. Ukaniangalia hivi, machoni." Chozi moja lilishuka likichora mstari kwenye poda ya shavuni. "Wanzala, ungeniambia ningelia siku moja, ningesema bendi yao ije. Sasa nifanye nini?"

Nje, waendesha boda boda walikuwa wameanza kuchungulia. Ndani, mtu aliuliza kama harusi imevunjika.

Valary alivuta pumzi. "Unajua kutoa noti ngapi, za ukweli?"

"Labda tatu."

"Zitoe hizo."

"Val, watacheka."

"Wamekwisha cheka! Unafikiri wamecheka wewe peke yako? Mimi nimesimama hapa kama kabati linalongoja mwenyewe. Siingii kanisani kimya kama mwizi. Geuka, upulize hizo tatu, mimi natembea."

Basi Wanzala aligeuka. Alilowesha ulimi wa mwanzi kama alivyoona Mwalimu akifanya. Alipuliza noti ya kwanza, ikakwaruza. Ya pili ikayumba. Ya tatu ilikuwa karibu nzuri. Akairudia tena ile ya kwanza. Nderitu hakugusa kinanda, kwa hiyo hapakuwa na wa kugombana naye. Wanzala alitembea mbele, bibi harusi nyuma yake, noti tatu zikijirudia kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki. Hakuna hatua hata moja aliyoipiga bila kutamani kuwa mtu mwingine. Katikati ya njia, Mama Brandon alisimama kwenye kiti chake, akatafuta mahali pa kushikia kwenye noti zile, akaanzisha wimbo. Wanawake wa Gatwekera wakaupokea, sauti zao zikaifunika saksafoni kama shuka linavyomfunika mgonjwa. Valary alifika mbele. Hakumtazama Wanzala. Alimpa Mutinda mkono.

Wakati wa chakula Wanzala alijificha nyuma ya mahema, kwenye masufuria. Shangazi Nalianya alimkuta huko, akamwekea wali na nyama kwenye sahani.

"Kula."

"Shangazi, nimekuaibisha."

"Umeniaibisha, ndiyo." Aliongeza mchuzi. "Niliwaambia watu si redio. Kumbe ni kidude cha plastiki." Alimpa kijiko. "Zile siku tatu za Gatwekera nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa nahesabu. Siku ya tatu ulikuwa umeanza kutoa kitu. Nikasema, kesho huyu atatoka. Hukunipa kesho."

Mama Brandon, aliyekuwa akisugua sufuria hapo kando, alisimama na sifongo mkononi. "Kwani ulihama Gatwekera juu ya saksafoni?"

"Ulisema ng'ombe anazaa."

"Mimi?" Alifikiri kwa bidii, akatikisa kichwa. "Wallahi sikumbuki."

Wanzala aliutazama wali wake. Miaka miwili alikuwa amejificha kwa sababu ya maneno ambayo aliyeyasema hakuyakumbuka hata hadi wiki iliyofuata. Aibu hiyo ilimchoma kuliko ile ya kanisani.

Wiki mbili baadaye alikwenda Gatina, kwenye ghorofa alikohamia Valary na mumewe. Valary alifungua mlango nusu, akausikiliza msamaha wake hadi mwisho, mikono imekunjwa kifuani.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini video ya harusi yangu siwezi kuitazama. Kwa hivyo maneno yako sitaki. Siku utakayoujua ule wimbo, kwa ile ya shaba, kuja uupige hapa mlangoni. Mchana. Watu wakiwa nje."

Mlango ukafungwa.

Alhamisi hiyo Wanzala alikwenda mazoezini. Watoto walikuwa wamejipanga dirishani, maana habari za harusi zilikuwa zimefika hadi ng'ambo ya reli. Alimwambia Mwalimu Nzembi kila kitu, mbele ya kwaya nzima, akianzia kwenye kifua kisichokuwa na ugonjwa. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema, "Puliza." Alipuliza. Saksafoni ikalia vibaya, na watoto wakacheka vizuri.

"Subiri." Mwalimu aliinama, akamtazama mdomo kama fundi anayetazama kufuli. "Mdomo wa chini uko nje. Ukunje kidogo juu ya meno. Usiume. Tena."

Wanzala alipuliza. Sauti ilitoka imetulia. Kulirekebisha kosa lililomfanya atamani ardhi immeze kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu, lakini kulihitaji jicho la mtu mwingine. Nderitu naye alimweleza habari za C kwa karatasi na kalamu, huku akimwita "bwana harusi wa plastiki." Jina hilo lilimshika, likakaa. Kila Alhamisi alikwenda, akaanguka mbele ya watu, akaambiwa rudia peke yako. Kila mara masikio yalimwaka moto. Aligundua kwamba masikio yanayowaka hayamzuii mtu kupuliza. Kile chombo cha plastiki hakukitupa. Alikitumia bado Kabiro kuvizoesha vidole, ila kila alichojifunza kwa siri alikipeleka Gatwekera kikaguliwe.

Ilipita miezi sita. Jumamosi moja saa sita mchana, Wanzala alipanda ngazi za ghorofa ile ya Gatina, saksafoni ya shaba kifuani. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kila roshani, wanawake wakifua, vijana wakinyoana nywele kwenye ngazi. Wote walimtazama. Alitamani kushuka. Alisimama mbele ya mlango wa Valary, akaulowesha ulimi wa mwanzi, akapuliza.

Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatoka. Milango ilifunguka juu na chini, vichwa vikachomoza kati ya shuka zilizoanikwa. Mlango wa Valary ulifunguka pia. Alisimama hapo, povu la sabuni mikononi, uso haujasema lolote. Katika mstari wa tatu kidole cha Wanzala kiliteleza, na saksafoni ikapiga yowe.

"Fundi!" mtu alipaza sauti kutoka ghorofa ya juu. "Hapo umekosea!"

Ghorofa nzima ilicheka. Wanzala aliuondoa mdomo kwenye saksafoni, masikio yake mekundu kama chuma kilichotoka motoni.

"Nimesikia!" akajibu kwa sauti. Akarudi mwanzo wa mstari wa tatu, akaupiga tena, akaupita palepale alipoanguka, akaendelea hadi mwisho.

Valary alijifuta povu kwenye leso kiunoni. Alikuwa analia, naye hakujificha.

"Sasa ingia," alisema.

Kweli, mficha uchi hazai.